WILLIAM JONES WA RABAI: MTOTO ALIYEOKOLEWA AKAWALINDA WENZAKE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Ukipanda matatu hapa kwetu Mjambere kwenda mjini, kabla hujafika daraja la Nyali utapita mahali panapoitwa Kengeleni. Makanga hupiga kelele Kengeleni, Kengeleni, abiria wanashuka, gari laondoka. Je, ushawahi kugeuza shingo ukaitazama ile kengele yenyewe? Iko pale pale kando ya barabara, imening'inia kwenye mnara wake mdogo. Inasemekana ilikuwa ikilizwa zamani kuwaonya watu kwamba majahazi ya watumwa yameonekana, ili wakimbie wajifiche. Mji uliokuwa ukilindwa na kengele hiyo ni Frere Town, mji wa watumwa waliokombolewa, na wengi katika watumwa hao walikuwa watoto wa rika letu, na wengine wadogo kuliko sisi.

Kuna jambo lililonifanya niandike habari hizi. Muhula uliopita baadhi yetu tulihudhuria mafunzo ya vijana juu ya kuwalinda watoto. Tulifundishwa vizuri, tukala, tukacheza michezo, na kila mmoja wetu akapewa fulana. Mwishoni ikaja fomu ya kupima matokeo ya mafunzo. Waliohudhuria wangapi? Wasichana wangapi, wavulana wangapi? Vitabu vilivyogawiwa vingapi? Tukajaza yote. Basi mwenzetu mmoja, ndiye mdogo kabisa katika kikundi, akauliza mbona fomu haina mahali pa kuandika habari za yule mtoto wa jirani tuliyepeleka habari zake kwa wakubwa, kama amesaidiwa au la. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, na fomu ikakusanywa vivyo hivyo.

Swali hilo lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma habari za Frere Town na Rabai, nikakutana na mtu aliyeitwa William Henry Jones. Nikaona kwamba swali la mwenzetu si jipya. Hapa pwani liliulizwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na maisha ya mtu huyu ndiyo jibu lake.

KUTEKWA NA KUPELEKWA BARA HINDI

William Jones alizaliwa bara ya Afrika Mashariki, mnamo mwaka 1840 hivi. Bila shaka msomaji umeshajua kwamba jina hilo la Kizungu hakupewa na mamake. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akatiwa chomboni pamoja na watumwa wengine. Siku hizo biashara ya utumwa ilikuwa imeshamiri. Misafara ilitoka bara ikashuka Kilwa, Bagamoyo na bandari nyinginezo, na kutoka huko majahazi yakawapeleka watu Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Watoto walipendwa sana na wafanyabiashara kwa kuwa ni wepesi kubeba, ni wepesi kutishwa, na husahau njia ya kurudi kwao.

Kwa upande mwingine, manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuyasaka majahazi hayo. Jahazi likikamatwa, watumwa walifunguliwa. Lakini tusidhani kwamba kila kitu kilifanywa kwa huruma tupu. Mabaharia wa manowari walikuwa wakilipwa zawadi kwa ajili ya watumwa waliowaokoa, na kiwango chake kilikuwa pauni 5 kwa kila kichwa. Kwa hiyo kilichoandikwa kwanza kilikuwa idadi ya vichwa. Jina la mtoto, kijiji chake, mamake na babake, hayo mara nyingi hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Tatizo lilikuwa moja. Mtoto ameokolewa, sawa, lakini atapelekwa wapi? Akirudishwa pwani atakamatwa tena kesho. Akipelekwa bara hakuna anayejua kwao. Basi wengi walipelekwa mbali, ng'ambo ya bahari, hadi mji wa Bombay katika Bara Hindi, ambao leo huitwa Mumbai. Huko Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilikuwa na kituo cha kuwalea watoto wa Kiafrika mahali paitwapo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa kusoma na kuandika, dini ya Kikristo na kazi za mikono kama vile uhunzi na useremala. Walipokuwa wakubwa waliitwa Waafrika wa Bombay.

Hebu fikiri, msomaji. Mtoto huyu amepoteza lugha ya kwao, amepoteza jina lake, amevuka bahari mara mbili, ya kwanza akiwa mtumwa na ya pili akiwa huru. Wangapi katika sisi tungebaki na akili timamu? Lakini William Jones alikua, akajifunza, akaoa, na ndipo akaambiwa kwamba anahitajika Afrika.

KURUDI PWANI

Mwaka 1864 William Jones na mwenzake Ishmael Semler, pamoja na wake zao, walifika Mombasa wakapanda hadi Rabai, kule kwenye vilima nyuma ya mji, karibu na Mazeras. Rabai palikuwa na kituo cha misioni kilichoanzishwa na Wajerumani wawili waliotumwa na CMS, yaani Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka 1846. Krapf alikuwa ameshaondoka. Rebmann alibaki na waumini wachache mno, wanaohesabika kwa vidole, na macho yake yakiendelea kufifia. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu.

Maisha ya Rabai hayakuwa rahisi kwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa weusi kama wenyeji, lakini walivaa mavazi ya Kizungu, walijua Kiingereza, na hawakuwa na ukoo wala kaya. Mrabai akimtazama alimwona mgeni, na Mzungu akimtazama alimwona mtumishi. Wao ndio waliokuwa wakifundisha, wakitafsiri, wakijenga nyumba na kuongoza ibada, lakini mkubwa wao akabaki kuwa yule aliyetoka Ulaya, hata kama amefika juzi na hajui Kiswahili.

Ndipo ukaja mwaka 1873. Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuifunga mnada wa watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Mjumbe wa Uingereza aliyekuja kwa shughuli hiyo aliitwa Sir Bartle Frere. Yeye ndiye aliyependekeza kwamba watu waliokombolewa wapatiwe makao hapa hapa Afrika badala ya kupelekwa ng'ambo. CMS wakanunua ardhi bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 mji ukaanzishwa, nao ukaitwa Frere Town kwa jina la mjumbe huyo. Mwezi wa Septemba mwaka huo manowari iliteremsha zaidi ya watu 200 kwa mpigo mmoja, wanaume, wanawake na watoto. Hao ni miongoni mwa watu wa kwanza wa mtaa tunaoupita kila siku tukiwa kwenye matatu.

Na nani aliyewapokea? Wazungu walikuwa wachache, na hawakujua lugha za watu wale. Waliokuwa mstari wa mbele ni Waafrika wa Bombay, watu waliokuwa watoto wa manowari miaka 20 au 30 nyuma. Wao ndio walioelewa kwa nini mtoto hulala macho wazi, au huficha chakula chini ya mkeka, au hukimbia akiona jahazi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

MLINZI NAYE ACHUNGUZWE

Hapa lazima tuseme ukweli, ijapokuwa wauma. Frere Town haikuwa pepo. Taarifa zilizokwenda London zilisema watu wangapi wamepokewa, wangapi wamebatizwa, nyumba ngapi zimejengwa. Ukisoma hesabu hizo utasema mambo ni mazuri. Lakini mnamo mwaka 1881 ilijulikana kwamba watu waliokombolewa walikuwa wakichapwa viboko na kufungwa kwa amri ya msimamizi wa mji wenyewe. Uchunguzi ulifanywa na ofisa wa ubalozi wa Uingereza kutoka Unguja, ikaonekana kwamba adhabu zilipita kiasi, na msimamizi akaondolewa.

Fikirini, wenzangu. Mtu ametoka kwenye mikono ya mwenye kumchapa, akaambiwa sasa uko huru, kisha akachapwa tena na yule aliyemwambia yuko huru! Na hesabu zilikuwa zikisomeka vizuri wakati huo huo. Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Mwenye kulinda watoto naye anahitaji mtu wa nje wa kumtazama, na watoto wenyewe wanahitaji mahali pa kusema bila kuogopa. Jambo hili tulifundishwa katika yale mafunzo yetu kana kwamba limegunduliwa juzi, kumbe Frere Town ililipa gharama yake zamani.

SAFARI YA HANNINGTON

Katika miaka ya 1880 William Jones alikuwa ndiye tegemeo la Rabai. Mwaka 1885 James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa sehemu hizi, aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Watoto wawili waliowahi kuuzwa sokoni wakawa mashemasi wa kwanza Waafrika katika dayosisi hiyo.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo Hannington alifunga safari kwenda Uganda kwa njia mpya ya kupita Ukambani, Kikuyu na Umasaini, akiwa na wapagazi kiasi cha 200. Jones alikwenda naye. Walipofika kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, mwezi wa Oktoba, askofu aliona heri atangulie na watu 50 tu, akamwachia Jones msafara wote uliobaki. Hakurudi tena. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokwenda nao wakauawa pia. Watu wachache tu waliponyoka wakamletea Jones habari.

Sasa uongozi wote ukawa juu ya kichwa chake. Mbele kuna hatari, nyuma kuna nyika na njaa, na watu zaidi ya 100 wanamtazama yeye. Alingoja karibu mwezi mzima, asije akawaacha nyuma watu waliobaki hai. Alipoona hakuna tena wa kurudi, aliwaongoza wenzake kurejea pwani. Waliingia Rabai mwezi wa Februari 1886 wakiwa wamedhoofu, wengine wamevaa ngozi na magunia, mbele yao bendera ya samawati iliyoandikwa kwa herufi nyeupe Ikabodi, neno la Kiebrania katika Biblia lenye maana ya kwamba utukufu umeondoka. Wake wa wapagazi walikuja kuwalaki njiani, wakawa wanatafuta nyuso za waume zao ambao hawakuwamo.

Vitabu vingi humsimulia Hannington, na ni haki yake. Lakini aliyerudisha watu nyumbani alikuwa Jones.

WATORO WA RABAI

Tumefika sasa kwenye jambo kubwa zaidi katika maisha yake. Mkataba wa mwaka 1873 ulizuia biashara ya baharini, lakini haukuufuta utumwa wenyewe. Mashambani Mombasa, Takaungu, Malindi na kwengineko watumwa walikuwa bado wanalima. Wengi walitoroka. Wengine walikwenda kujenga vijiji vyao msituni, na wengine walipanda Rabai kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba huko yuko padri mweusi aliyekuwa mtumwa kama wao. Kwa kweli wakati huo Jones alikuwa bado shemasi, lakini mtoro aliyekimbia usiku kucha hana haja ya kuuliza daraja la mtu.

Sheria ya wakati ule ilisema mtoro arudishwe kwa bwana wake. Wakubwa wa misioni waliwahi kuahidi hadharani kwamba hawatawapokea watoro, kwa kuwa waliogopa vita na watu wa mji. Mwaka 1880 kulikuwa na vitisho vya kuishambulia Frere Town kwa sababu hiyo. Hofu yao haikuwa ya bure. Kama Rabai ingechomwa moto wangeteketea watoro na wenyeji pamoja.

Jones alikuwa katikati. Juu yake kuna amri, na mlangoni pake wamesimama watu, wake kwa waume, wengine wamebeba watoto mgongoni. Angefanya nini? Alijua amri inasemaje, lakini alijua pia ni nini maana ya mtoto kurudishwa chomboni. Watoro wakaendelea kupata pa kukaa. Wakajenga, wakalima mahindi na mihogo, watoto wao wakaingia shule. Wengi walibadilisha majina wakahesabika kama watu wa kijiji.

Mwaka 1888 mambo yakafichuka. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa mamlaka ya pwani, ilimleta msimamizi wake George Mackenzie. Wenye watumwa wakamjia kwa hasira, wakidai mali yao iliyofichwa kwenye vituo vya misioni. Ikafanywa hesabu, na hesabu ikawashangaza hata wakubwa wa CMS. Rabai na vituo vingine vilikuwa na watoro zaidi ya 1,400! Mackenzie aliona kwamba kuwarudisha watu wengi kiasi hicho haiwezekani, na kukataa kabisa kutaleta vita. Wakapatana wenye watumwa walipwe riale 25 kwa kila mtu. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wakakusanyika Rabai, wakapewa hati za uhuru.

Katika siku ile kila mtu aliitwa kwa jina lake, akapokea karatasi yake mwenyewe. Pauni 5 za manowari zilihesabu kichwa. Hati ya Rabai ilimtaja mtu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yangu yote.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba haikuwa sawa kumlipa aliyemnyima mwenzake uhuru, na kumwacha mtumwa bila hata senti moja ya jasho lake. Jambo hilo tunawaachia wenzetu wa chama cha midahalo. Linalonihusu mimi ni kwamba kama Jones angetii amri tu, siku ile kusingekuwa na watu wa kupewa hati.

UGOMVI NA WAKUBWA, NA MWISHO WA MAISHA

Jones alipewa ukasisi kamili mwaka 1895 na Askofu Alfred Tucker. Mtu atadhani kwamba sasa mambo yamenyooka. La. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alitofautiana na wamisionari juu ya namna Waafrika walivyokuwa wakitendewa kazini. Walikuwa wamefanya kazi miaka 30, lakini katika mashauri makubwa hawakuwa na sauti. Jones akajiuzulu, na baadaye akarudi kwenye utumishi wake. Alitaka wale waliolelewa na misioni wawe na neno katika mambo yao, wasiwe watoto milele. Siku hizi tunaliita jambo hilo ushiriki wa vijana. Yeye hakuwa na jina la kuliita, alikuwa na uchungu wake tu.

Alifariki dunia mwaka 1904. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, miaka mitatu baada ya kifo chake. Hakuiona siku hiyo. Lakini kanisa la Mtakatifu Paulo la Rabai, lililojengwa mwaka 1887 katika siku zake, lingali limesimama, na kanisa la zamani la Rabai ni makumbusho tangu mwaka 1994. Nauli si kubwa. Chama kingefanya safari ya kwenda huko, ingefaa.

MATOKEO YAKE YAPIMWEJE?

Sasa turudi kwenye swali la mwenzetu. Kazi ya kuwakomboa watoto wale ilifaulu au haikufaulu? Tukitumia fomu, tutasema waliokombolewa ni wangapi. Lakini matokeo ya kweli yalionekana baada ya miaka mingi. Shule ya kufundisha wahubiri iliyoanzishwa Frere Town mwaka 1888 ilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934, akasimulia mwenyewe yaliyowapata wazee wake. Hicho ndicho ninachokiita upimaji wa matokeo, yaani aliyesaidiwa, au mwanawe, ameshika kalamu. Na wazazi wetu wote walimjua Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, aliyefariki Februari 2025. Naye mizizi yake ilikuwa hapa hapa Frere Town.

Kuna mfano mwingine kutoka mbali kidogo. Mwaka 1888 manowari Osprey ilikamata majahazi katika bahari ya Sham yakiwa yamejaa watoto Waoromo kutoka Uhabeshi. Watoto 64 kati yao walipelekwa shule ya Lovedale huko Afrika Kusini mwaka 1890. Huko walisimulia mmoja mmoja, na maneno yao yakaandikwa, alikotoka, nani alimuuza, alipita njia gani. Na baada ya miaka mingi, mwaka 1903, walitafutwa popote walipokuwa wakaulizwa hali zao, na kama wangependa kurudi kwao. Mwaka 1909 watu 17 wakapanda meli kurudi. Tazama jambo hilo! Kwa nini ilichukua miaka yote hiyo kuuliza swali rahisi namna ile? Hata hivyo, heri aliyeuliza akachelewa kuliko asiyeuliza kabisa.

Leo sheria iko upande wetu. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Tukapata Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, nayo ikafuatwa na ile ya mwaka 2022. Zote zasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Tangu mwaka 2011 kuna Bunge la Watoto la Kenya, na simu 116 haina malipo. Majahazi ya watumwa yamekwisha, lakini watoto wa kutumikishwa, wa kuozwa mapema, wa kupigwa na wa kudanganywa na watu wazima wako, na wengine wanakaa mitaani mwetu. Tusijidanganye.

Wenzangu, somo la William Jones kwangu mimi ni dogo, la kufanyika. Alimlinda mtoto kwa kuwa aliwahi kuwa mtoto huyo. Sisi vijana tuko karibu na watoto kuliko wakubwa. Twasikia yanayosemwa chooni, uwanjani na njiani, ambayo mwalimu hayasikii. Kwa hiyo tuna kazi ya kushika kabla na baada ya fomu. Tukimpelekea mkubwa habari za mtoto, turudi baada ya wiki moja tuulize. Turudi tena baada ya muhula. Na tumuulize mtoto mwenyewe, kwa upole, pasipo watu, kama mambo yamekuwa afadhali au yamezidi. Asipotaka kusema, tusimlazimishe.

Kikundi chetu kimeanza. Tumenunua daftari la kawaida la kurasa 96. Hatuandiki majina ndani yake, maana siri ya mtoto si ya kuzagaa, lakini kila tukio lina ukurasa wake na tarehe za kufuatilia. Ukurasa wa kwanza ni wa yule mtoto wa jirani. Tuliporudi mara ya kwanza hatukupata jibu. Mara ya pili tulikwenda na mwalimu mlezi wetu, na tukaelezwa kwamba mtoto amehamia kwa nyanyake na ameanza tena shule. Bado hatujamsikia yeye mwenyewe akisema. Tarehe ya kwenda tena tumeshaiandika, na ukurasa huo hatujaufunga.

Basi ukipita Kengeleni kesho, msomaji, geuza shingo uitazame ile kengele.